Shuka Lililosomeka Bila Herufi

Nyinyi mabinti mnaotoka chuo cha ualimu na vyeti vyenu mmevitia kwenye plastiki visilowe, sogeeni. Cheti changu mimi ni hiki kiuno. Kimepinda kwa zaidi ya miaka ishirini ya kuwainamia watoto wa chekechea hapa Ujiji, na hakuna mtu aliyewahi kukigongea mhuri. Mjukuu wangu, ambaye naye sasa anafundisha darasa la awali, ndiye aliyeniambia, "Bibi, hayo unayotuchekesha nayo yaandike." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, mkono wangu wa kuandika ni mzito kuliko wa kupika ugali wa msiba. Akasema andika hivyohivyo unavyosema. Basi nimeandika hivyohivyo ninavyosema. Atakayeona koma haipo mahali pake, aiweke mwenyewe.

Naanza na kitu ambacho huko chuoni sina hakika kama wanawaambia: uji. Mtoto wa miaka mitano mwenye njaa hasomi ubao, anasoma sufuria. Mimi mwanzoni nilikuwa nafundisha kwanza, uji baadaye, nikidhani ndiyo nidhamu. Nasema "a", wananijibu "a", lakini pua zote zimeelekea jikoni kama mitumbwi iliyofungwa kwenye kamba moja upepo ukibadilika. Siku moja nikamuuliza mtoto, "Hii ni herufi gani?" Akanijibu, "Bibi, unaungua." Na kweli ulikuwa unaungua. Tangu siku hiyo uji kwanza, elimu baadaye.

Cha pili ni kilio. Mtoto mmoja akianza kumlilia mama yake, wanalia wote, hata yule ambaye mama yake yumo humohumo ndani anamsubiri. Mwaka wangu wa kwanza niliweka benchi mlangoni nikalikalia. Nikajiona nimeweza. Kugeuka, kuna kitoto kimetorokea dirishani, kiatu kimoja kimebaki kwangu, na mbio zake mpaka leo sijaziona tena. Mama yake akanirudishia. Kikatoka tena. Alipokirudisha mara ya tatu nikakipa kengele, nikakiambia, "Wewe ndiye mlinzi wa kengele, ukiondoka darasa haliwezi kuisha, watu watalala hapa." Hakikutoka tena. Mtoto anayelia msimbembeleze, mpeni kazi. Hata mume, lakini hilo ni somo jingine.

Makosa nimefanya mengi, na sioni aibu kuyataja kwa sababu wale niliowakosea wengi wamekuwa watu wazima na wananisalimia. Kuna Issa, alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Mnajua kwetu mkono wa kushoto una kazi yake na kila mtu anaijua. Nikachana kipande cha kanga, nikamfunga ule mkono kwa nyuma. Jioni yake akaja bibi yake, Bi Mgeni, muuza mawese, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa inafika sokoni kabla ya madebe yake.

"Mwamvua! Umemfunga mjukuu wangu kama mbuzi wa Idi?"

"Namfundisha adabu, dada yangu. Anaandika kwa kushoto."

"Adabu ya kula nimeshamfundisha mimi. Wewe umepewa herufi. Au siku hizi herufi nazo zinaliwa?"

Kesho yake nikamwachia mkono wake. Issa sasa ndiye anayeandika majina kwenye maboti hapo mwaloni yanapotia nanga, kwa mkono uleule, herufi zimenyooka utafikiri zimepigwa chapa. Akiniona napita, anahamishia brashi mkono wa kulia. Mtu mzima ana wake na watoto! Huwa namwambia, "Issa, andika bwana, nimeshakusamehe." Ananijibu, "Bibi, mimi ndiye bado."

Lakini kosa kubwa, lile lililotaka kuniondolea darasa, ni la shuka.

Darasa langu lilikuwa banda la mabati karibu na mwalo, pale kina mama wanapoanika dagaa. Zamani lilikuwa ghala. Kina mama hao ndio waliolianzisha, wakaniomba mimi nikae na watoto wao wakati wao wakiwa kazini, kwa sababu nilikuwa naweza kusoma na nilikuwa na sauti. Msidhani ilikuwa kwa kupenda elimu tu. Ziwa Tanganyika halina ngazi. Unapiga hatua ya kwanza maji kifundoni, ya pili magotini, ya tatu hatukuoni. Mama ameinama anageuza dagaa, mtoto yuko nyuma yake anacheza, akiinuka hayupo. Tulishazika. Kwa hiyo darasa lile, kabla halijawa mahali pa kusomea, lilikuwa mahali ambapo mtoto hayupo majini. Mkilikumbuka hilo mtaelewa kwa nini nilihangaika kama nilivyohangaika.

Sasa ubao hatukuwa nao. Nilikuwa na shuka jeupe, la kitanda kikubwa, nikampa fundi mmoja wa kuandika mabango akaniandikia kwa wino mweusi: ka, ke, ki, ko, ku, sa, se, si, so, su, na kuendelea mpaka chini. Likapigiliwa ukutani. Likawa zuri, jamani! Watu walikuwa wanakuja kulitazama kama bibi harusi.

Miaka ikapita na shuka likaishi maisha yake. Juu ya dari la mbao kina mama walikuwa bado wanaweka madebe yao ya mawese, na debe moja likavuja likadondokea kwenye "ka". Mawese ya Kigoma mnayajua, yakishashika nguo mmeoana. Panya akala tundu pembeni mwa "sa". Kwenye "ma" nilimwaga chai mimi mwenyewe nikicheka jambo ambalo sasa nimelisahau. Na kwenye "ta" kulikuwa na mjusi aliyebanwa kati ya shuka na ukuta, Mungu amrehemu, akaacha umbo lake lote, mpaka mkia.

Mimi nilikuwa nashika fimbo, naonyesha, watoto wanaimba. Nikigusa hapa, "Ka!" Nikigusa pale, "Sa!" Hata nikiruka, hata nikianzia chini kwenda juu, hawakosei. Wa miaka minne! Nilijiona profesa. Kila mgeni nilimsomeshea. Muuza maandazi akija kuchukua sahani zake namwambia subiri kwanza usikie watoto. Wale kina mama walikuwa wanapiga vigelegele na dagaa mikononi. Na hodari kuliko wote alikuwa Ramadhani, kifua mbele, sauti kama muadhini. Kama kuna mtu angeniambia Ramadhani hajui kusoma, ningemtafutia mganga.

Basi siku moja akaja Bwana Mkaguzi. Mtu mrefu, miwani, viatu vinang'aa hata kwenye mchanga, sijui alikuwa anavipangusa saa ngapi. Alitumwa kupitia madarasa yote ya mitaani, aone lipi ni darasa na lipi ni kelele. Mimi sikuogopa. Nikavaa kanga mpya, nikamkaribisha.

"Karibu sana mwanangu. Utaondoka hapa unalia kwa furaha."

"Asante Bibi. Una cheti cha ualimu?"

"Sina. Nina Ramadhani."

Akatabasamu kidogo. Akafungua mkoba, akatoa kadi zake, nyeupe, safi, herufi moja moja imeandikwa vizuri. Akainua ya kwanza. "Ka". Darasa likanyamaza. Mimi nikadhani ni heshima. Nikasema, "Haya Ramadhani, mjibu mgeni."

Ramadhani akasogea, akaitazama kadi mbele, akaigeuza akaitazama nyuma, akarudisha.

"Sijui."

"Hii ni ka," Bwana Mkaguzi akamwambia taratibu.

"Siyo," Ramadhani akasema bila wasiwasi. "Ka ina mawese."

Nikahisi kanga yangu mpya inataka kudondoka. Bwana Mkaguzi akanitazama, akatazama shuka ukutani, akaenda akasimama karibu nalo. Akashika fimbo yangu. Akagusa "ka", watoto wakaipokea kwa nguvu, "Ka!" Akagusa "ta". "Ta!" Halafu akafanya jambo ambalo mimi miaka yote sikuwahi kulifanya: akaweka kiganja chake akafunika lile tundu la panya, akawauliza, "Na hii?"

Kisha sauti ya Ramadhani, kwa upole kabisa, kama anamsaidia mtu aliyepotea njia:

"Mzee, toa mkono. Umeificha sa."

Jamani, mimi nimefiwa, nimeachwa, nimeibiwa kuku na jirani ninayemjua. Sijawahi kuaibika vile. Watoto wangu walikuwa wanasoma mafuta, tundu, chai na mjusi. Herufi ilikuwa imekaa pale kama mgeni asiyesalimiwa.

Bwana Mkaguzi hakunitukana, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema, "Bibi, nitakuletea mwalimu kijana akusaidie kwa mwezi mmoja. Nikirudi, wakisoma, darasa litabaki. Wasiposoma, itabidi lifungwe, watoto wasubiri umri wa shule waende huko."

"Wasubirie wapi?" nikamuuliza. "Majini?"

Alitazama ziwani, akavaa miwani yake vizuri, akaondoka.

Jumatatu akaja huyo mwalimu kijana, anaitwa Neema, anatoka Katubuka, mwembamba kama ufito, begi mgongoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Hapana Bibi, nimekuja kufundisha."

"Hapa anayefundisha ni mimi. Wewe chukua mwiko."

Siku tatu nilimkalisha jikoni. Anakoroga uji, mimi naendelea na shuka langu na fimbo yangu kwa hasira, nikiwaambia watoto watazame herufi na si mjusi. Ukimwambia mtoto asitazame mjusi, unadhani atatazama nini? Siku ya nne Neema akaja na bakuli la uji mkononi, akaninyenyekea, akasema, "Bibi, kwa nini tusilifue?"

Kulifua! Ni kama aliniambia tumfue marehemu mume wangu. Lakini usiku huo nilifikiri, nikaona ana hoja: madoa yakitoka, zitabaki herufi. Asubuhi nikalibandua mwenyewe, nikalipeleka ziwani na mche mzima wa sabuni. Nikalisugua kwenye jiwe mpaka mikono ikachanika. Nikalisuuza, nikalikung'uta, nikalikunjua.

Herufi zimetoka zote. Madoa yamebaki.

Pale ziwani sikucheka, nacheka sasa. Wino wa yule fundi ulikwenda zake na maji kama haukuwahi kuzaliwa. Mawese hayajasogea hata inchi moja. Tundu, tundu halifuliki. Mjusi ndiyo kwanza amekolea. Nikalirudisha bandani kwa uchungu, nikalitundika tu likauke, nikaketi, nikashika tama.

Ramadhani akaingia. Akaliona. Akachukua fimbo yangu, akasimama mbele ya lile shuka tupu, akaanza: "Ka!" Watoto wakaitikia, "Ka!" "Sa!" "Sa!" Wakalisoma lote, kutoka juu mpaka chini, kwa furaha, shuka ambalo halina hata herufi moja.

Neema alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Tulitazamana. Akauma mdomo asicheke, mimi nikashindwa kuuma wangu. Tulicheka mpaka tukakaa chini, mpaka kina mama wakaacha dagaa zao wakaja kuuliza nani amepandisha maruhani. Nilipojifuta machozi nikamwambia, "Mwanangu, nipe huo mwiko. Nenda kafundishe."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mwalimu, uzeeni, mwalimu wangu akiwa binti ambaye ningeweza kumzaa mama yake. Mabinti, mkikuta mzee kazini anawafanyia kiburi, mpeni siku nne. Ila wazee wenzangu na nyinyi, msingojee shuka.

Neema alisema tusiandike mahali ambapo pana alama yoyote. Nikamwambia mahali pasipo na alama katika Ujiji hii ni ziwani tu. Nilikuwa natania. Akasema, "Hapohapo." Tukawapeleka watoto ukingoni, pale mchanga ulipolowa. Tukafunga kamba ndefu kwenye mitumbwi miwili iliyopandishwa, atakayeivuka kamba hapati uji, na mimi nikakaa upande wa maji na fimbo yangu, kwa mara ya kwanza ikiwa na kazi ya maana. Mtoto anachora herufi kwa kidole, anatamka, wimbi linakuja linafuta. Anachora tena. Hakuna doa linalokaa. Leo "ka" iko huku, kesho iko kule, imeandikwa na huyu mnene, imeandikwa na yule mwenye kidole kirefu, na bado ni ileile. Wakalazimika kuitazama yenyewe. Tukirudi bandani, Neema anawapima kwa kadi kama zile za Bwana Mkaguzi, alizokuja nazo begini.

Halafu sauti. Mimi nilikuwa naimbisha ka ke ki tu, kama wimbo. Neema alitaka mtoto asikie kila herufi inalia vipi, kisha aziunganishe. R ikawa injini ya boti. Kosa! Mchana kutwa nilikuwa na maboti arobaini, yanagongana, yanaishiwa mafuta, yanadai nauli. S ikawa samaki mgebuka akitumbukizwa kwenye mafuta ya moto. M ni mdomo uliofumbwa baada ya kuonja kitu kitamu. Siku ya M mzee jirani alikuja na bakora yake, uso umemsinyaa kwa huruma.

"Mwamvua, umewalisha nini hawa? Nawasikia tangu asubuhi wanaugulia."

"Wanasoma, mzee wangu."

"Basi wapeleke hospitali wakasomee huko."

Na kina mama wakaanza kulalamika, maana watoto walikuwa hawajui tena kuacha. Mama mmoja alianika dagaa zake akaenda kunywa chai. Kurudi akakuta katikati ya dagaa pamechorwa "ta" kubwa kama kitanda. Akanijia juu, "Bibi, dagaa zangu zimekuwa daftari?" Nikamwambia, "Aliyeandika ni mwanao. Shukuru, jana alikuwa hajui." Akaenda kuitazama tena. Nilimwona anawaita wenzake waje waione, na dagaa zikachelewa kugeuzwa.

Lazima niwaambie habari za Yusta, na hapa sijisifii. Yusta aliletwa kutoka Ilagala kuja kukaa na shangazi yake, Kiswahili hana, anajua Kiha tu. Kila nilipomuuliza jambo nilipata "ego" au "oya", yaani ndiyo au hapana, na zaidi "oya". Haimbi na wenzake. Nikasema huyu mzito. Nikamkalisha nyuma ya nguzo, nikampa kazi ya kufukuza kuku. Sasa kumbe nyuma ya ile nguzo shuka lilikuwa halionekani. Wenzake wote wamejaza vichwa mijusi na mawese, yeye peke yake kichwa chake kitupu, kisafi, kinasubiri. Alipofika mchangani hakuwa na cha kusahau. Wiki ya pili nilimwona amechuchumaa peke yake, amechora "da", akaitamka. Akachora "ga". Akakaa. Akaongeza "a" nyingine. Midomo inatembea, macho yameganda. Mara akainua kichwa akatazama upande wa kina mama wa dagaa, akatazama chini, akatazama tena kule.

"Bibi," akaniambia, na ndilo neno lake la kwanza la kuniita, "dagaa ziko hapa."

Mabinti, mtakuja kupata mishahara, semina, na Mungu akipenda pikipiki. Lakini ile sura ya mtoto anapogundua kwamba kitu kinaweza kukaa ndani ya mchoro, hiyo hailipwi. Nilijifanya mchanga umeniingia jichoni.

Mwezi ukaisha upesi. Siku ya Bwana Mkaguzi kina mama wote walikuja, mikono ina magamba, wamejazana mlangoni. Yeye akakaa kwenye kimeza changu, akaweka jalada lake, akaanza kuita mmoja mmoja. Ramadhani alikuwa wa kwanza. Akapewa kadi. Safari hii hakutoa kifua. Alikunja uso.

"Kkk... a... ka."

"Ramadhani, kaza mwanangu!" mama yake akapiga kelele.

"Mama, huu si mpira," Bwana Mkaguzi akasema.

Ramadhani akasoma kadi zote, polepole kama mtu anayepanda mlima na gunia. Wenzake wakafuata. Mmoja alikwama, mmoja alilia nikampa kengele, waliobaki walisoma. Mimi nikaanza kupumua. Lakini uso wa Bwana Mkaguzi haukufunguka. Akasukuma miwani juu ya pua.

"Bibi, nimeona juhudi. Lakini kadi hizi ndizo anazofundishia Mwalimu Neema. Ni zilezile. Nitajuaje kwamba hawakuzikariri, kama walivyolikariri lile shuka?"

Kina mama wakanitazama mimi. Na mimi, ambaye kuongea ni kipaji changu, nilijua ana haki. Mtu niliyemwonyesha shuka lenye mjusi aniaminije? Niliona kwa macho yangu banda limefungwa, niliona wale watoto wote wamezagaa ukingoni asubuhi hiyohiyo, mama zao wameinama, hakuna kamba. Bwana Mkaguzi akalifungua jalada, akalikunjua kwenye taarifa yake ya siku ile ya kwanza, akatafuta kalamu mfukoni.

Yusta zamu yake ilikuwa bado. Alikuwa amesimama pembeni mwa meza, pua yake iko sawasawa na ukingo. Yule bwana alikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu aliyewahi kufundisha, herufi kubwa, zimeachana, hazikanyagani. Nikaona kidole cha Yusta, kina mchanga kwenye ukucha, kinapanda mezani, kinatambaa juu ya karatasi ya serikali.

"Wwwa... to... to."

"We Yusta, toa mkono!" shangazi yake akamkemea.

"Mwache," Neema akasema.

Bwana Mkaguzi mkono wake umebaki mfukoni. Kidole kikasogea.

"Ha... wa... ju... i." Akavuta pumzi. "Ku... so... ma."

Yusta akarudi mwanzo wa mstari, maana Neema alimfundisha ukishaunganisha urudi uyasikie yote pamoja, akasoma tena, sasa bila kusimama: "Watoto hawajui kusoma."

Nikaona nyusi zinakutana. Akawageukia wenzake, Ramadhani na wote, akawatazama mmoja mmoja kama anawahesabu. Kisha akamgeukia yule bwana mwenye miwani.

"Oya," akasema. "Si kweli hii."

Kile kicheko cha kina mama, nadhani walikisikia Kongo ng'ambo. Mama Ramadhani alikaa chini kabisa, mwingine anampiga mwenzake mgongo na mkono wa dagaa. Bwana Mkaguzi alijitahidi kukaza uso, jamani nimwachie sifa yake, alijitahidi. Mdomo ukamshinda. Alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa, akaipata kalamu, akapiga mstari mrefu juu ya ile sentensi. Halafu akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Yusta, akamuuliza kama mtu anavyomuuliza mtu mzima mwenzake:

"Basi, Mwalimu, niandikeje?"

Yusta akafikiri. Akasogeza kidole pembeni, akampa nafasi kwenye karatasi.

"Andika tu," akamwambia. "Polepole. Nitakusomea."

Akaandika polepole.